Fleti ya Dola Nane: Chumba, Hesabu na Zawadi katika Hadithi ya O. Henry

Utangulizi

Hadithi fupi "The Gift of the Magi" ya mwandishi wa Kimarekani O. Henry, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa "Zawadi ya Mamajusi", ilichapishwa kwa mara ya kwanza gazetini jijini New York mnamo Desemba 1905, kisha ikaingizwa katika mkusanyo wake wa 1906 uitwao The Four Million. Mwandishi huyu, ambaye jina lake halisi ni William Sydney Porter (1862-1910), alihamia New York mwaka 1902 baada ya kutumikia kifungo katika jimbo la Ohio kwa kupatikana na hatia ya ubadhirifu wa fedha za benki. Aliishi kwa kalamu yake, akiwaandikia wasomaji wa gazeti la Jumapili. Jina la mkusanyo huo lina dai ndani yake: kwamba wanaostahili kuandikwa mjini si wale matajiri 400 waliohesabiwa na wapambe wao kuwa ndio watu, bali wakazi wote milioni 4 wa jiji hilo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Della na Jim ni vijana waliooana wanaoishi katika fleti ndogo ya kupanga. Ni siku ya kuamkia Krismasi na Della ana dola 1 na senti 87 tu za kumnunulia mumewe zawadi. Anakwenda kuuza nywele zake ndefu kwa dola 20, na kwa fedha hizo anamnunulia Jim mkufu wa platinamu wa kufungia saa aliyorithi kwa baba na babu yake. Jioni Jim anarudi na zawadi yake: vitana vya thamani vya kupambia zile nywele ambazo hazipo tena. Amevinunua kwa fedha alizopata kwa kuiuza saa.

Aghalabu hadithi hii husomwa, na kufundishwa, kwa ajili ya kikomo chake. Mwanafunzi huombwa aonyeshe kinaya, ataje mshtuko wa mwisho, kisha atoe funzo kuhusu upendo na kujitolea. Usomaji wa namna hiyo si wa makosa, lakini umeanza mwisho na kuishia papo hapo. Unaichukua fleti kuwa pazia tu la nyuma ya jukwaa. Makala haya yanashikilia kwamba fleti ndiyo inayozaa kisa. Udogo wa chumba, uchache wa ujira na mazoea ya kila siku ya mume na mke ndivyo vinavyoamua nani atoe nini, wapi na kwa siri gani. Na tendo lenye uzito zaidi mwishoni si kubadilishana zawadi bali ni kupikwa kwa chakula cha usiku.

Chumba na Hesabu Zake

Hadithi inaanza kwa hesabu, wala si kwa bahati. Kabla msomaji hajaambiwa jina la mtu yeyote, amekwisha kuambiwa kiasi cha fedha kilichopo mezani, na kwamba sehemu ya fedha hizo ni senti mojamoja zilizookolewa kwa kuwabana muuza duka, muuza mboga na muuza nyama hadi mashavu ya mnunuzi yakawaka kwa haya. Katika sentensi chache O. Henry amekwisha kuchora siku nzima ya mke wa nyumba ya kimaskini: mizunguko ya sokoni, kupatana bei, na aibu ya kuonekana bahili ilhali ubahili huo ni ufukara tu.

Kisha yanakuja makao yenyewe. Kodi ya fleti ni dola 8 kwa juma. Ujira wa Jim ulikuwa dola 30 kwa juma wakati wa neema, sasa umeshuka hadi dola 20. Mwandishi hatoi hesabu inayofuata, lakini msomaji anaweza kuifanya. Hapo zamani kodi ilichukua zaidi kidogo ya robo ya ujira. Sasa inachukua sehemu mbili katika kila tano. Fedha zilizobaki mkononi baada ya kodi zimetoka dola 22 zikawa 12, na kwa hizo lazima watu wawili wale, wavae, wapashe chumba moto na wasafiri. Mkufu ambao Della anaununua kwa dola 21 unazidi ujira wa mumewe wa juma zima. Basi Della hakosi fedha kwa kuwa hana mpango. Ameweka akiba kwa miezi mingi, lakini matumizi yakazidi makisio, kama ilivyo desturi ya matumizi.

Vitu vya nyumbani vimeteuliwa kwa mantiki hiyo hiyo. Chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, kuna sanduku la barua lisiloingia barua na kengele isiyolia. Kuna kibao chenye jina la mwenye nyumba katika urefu wake wote, na msimulizi anadhihaki kwamba tangu ujira upungue, hata herufi za jina la kati zinaonekana kufifia, kana kwamba nazo zinafikiria kujipunguza. Ndani mna kochi lililochakaa. Kati ya madirisha mawili kuna kioo kirefu chembamba mno kiasi kwamba mtu hawezi kujiona mzima kwa mara moja. Hana budi kuzikusanya haraka haraka sura zake za vipande vipande. Nje ya dirisha kuna ua wa kijivu, wigo wa kijivu na paka wa kijivu.

Kioo hicho kinastahili kutazamwa zaidi. Wahakiki waliozoea kusaka ishara watasema kwamba chaashiria utu uliogawanyika. Yamkini ni hivyo. Lakini kabla ya kuwa ishara, ni kioo cha fleti ya dola 8. Della amejifunza kujitazama ndani yake kwa kuwa ni mwembamba na mwepesi, yaani mwili wake umezoea chumba. Ndipo anaposimama mbele ya kioo hicho na kuziachia nywele zake zishuke hadi chini ya magoti, jambo linatokea ambalo chumba hakikulitarajia: kitu kimoja kikubwa kinajaa mahali ambapo kila kitu ni kidogo. Uamuzi wa kuziuza unazaliwa hapo hapo. Katika fleti ambamo kila kitu kimekwisha kuhesabiwa na kutumiwa na wawili, mtu anayetaka kutoa kitu kilicho chake mwenyewe hana pa kuchukulia ila mwilini mwake.

Na siri nayo? Chumba kidogo hakina kabati la kufichia siri. Kwa hiyo mauzo yote yanafanyika nje, kabla ya saa 1 ya jioni, saa ambayo Jim hurudi. Safari ya Della mjini, ngazi alizopanda kwa mnunuzi wa nywele, saa mbili za kuzunguka madukani: hayo ndiyo maisha pekee aliyo nayo nje ya macho ya mumewe. Jim naye amekuwa na siku yake kama hiyo, lakini msimulizi haionyeshi. Msomaji anafungiwa ndani ya siri ya mmoja tu, na kufungiwa huko ndiko kunakozaa taharuki.

Mlango Usiobishwa Hodi

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, jambo la ajabu zaidi katika hadithi hii si zawadi. Ni kutokuwepo kwa watu. Hakuna mama mkwe, shangazi, somo wala jirani anayeingia kuomba chumvi. Kengele haifanyi kazi, wala hakuna anayeihitaji.

Ndoa katika fasihi ya pwani haijawahi kuwa jambo la watu wawili peke yao. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, ni sauti ya mama iliyomo ndani ya nyumba ya bintiye hata kabla hajaolewa au baada ya mama mwenyewe kutoweka. Katika Wakati Ukuta, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1971, Tatu na Swai wanaoana bila ya ridhaa ya wazee na ndoa yao inavunjika. Kuwakimbia wazee hakukuwaondoa wazee. Kwa mizani hiyo, Della na Jim wanaelekea kuwa yatima wawili waliojikuta ndani ya chumba kimoja. Kimya hicho ndicho kinachouwezesha mchezo wa zawadi. Kama angalikuwepo somo au wifi, Della asingalitoka nyumbani na nywele zake akarudi bila nazo pasi mtu kumshika mkono. Na yamkini yuko ambaye angalimnong'oneza kwamba Jim naye ameonekana kwa mnunuzi wa saa.

Hata hivyo wazee wamo. Wamo ndani ya saa. Saa ya Jim ilikuwa ya baba yake, na kabla ya hapo ya babu yake. Ndiyo mali pekee ndani ya fleti iliyoingia humo bila kununuliwa kwa ujira wa Jim. Wasomaji wengi hupima hasara za wawili hawa na kutoa hukumu ya haraka: nywele zitaota tena, saa hairudi. Hukumu hiyo ina ukweli, na Della mwenyewe anaikimbilia anapojitetea kwamba nywele zake huota upesi. Lakini inafaa kuulizwa ni aina gani ya mali kila mmoja ameuza. Jim ameuza ukoo. Kwa kijana mwenye miaka 22, asiye na glavu wala koti la maana, saa ile ndiyo ushahidi kwamba yeye ni mwana wa mtu. Aliitazama kwa kujificha kwa sababu ya ukanda wa ngozi uliokuwa mahali pa mkufu. Aibu ya ukanda ilikuwa ni kutoweza kuvaa urithi kwa heshima yake. Anapoiuza, Jim anaikata kamba ya mwisho inayomfunga na nyumba ya baba yake, na kuanzia usiku ule ukoo wake unaanzia katika chumba hiki.

Kuna jambo dogo linalopita bila kutajwa. Msimulizi anatuambia kwamba Jim hachelewi kamwe. Jioni hiyo saa imekwisha kuuzwa, na hadithi haimcheleweshi hata kidogo. Kilichokuwa kikimrudisha nyumbani kwa wakati hakikuwa saa.

Nywele za Nani?

Utendi wa Mwana Kupona unasaidia kuona upande wa Della kwa jicho kali zaidi. Mama yule anamfunza bintiye kwamba mwili uliopambwa, nywele zilizotengenezwa, manukato na usafi wa nyumba hadi pembe zake zote ni sehemu ya wajibu wa mke kwa mumewe. Wahakiki wa kike na wa kiume wamebishana kwa muda mrefu kama utendi huo ni hati ya utii au ni hekima ya kujinusuru ndani ya mfumo usiompa mwanamke uwezo mwingine. Katika mabishano hayo jambo moja halina ubishi: pambo la mke huhesabiwa kuwa sehemu ya mali ya nyumba.

Ndivyo ilivyo New York pia. Msimulizi anazitaja nywele na saa kuwa ni mali mbili ambazo mume na mke wanajivunia kwa pamoja. Nywele za Della si zake peke yake. Kwa sababu hiyo, hofu yake baada ya kuziuza si ya kupoteza kitu chake bali ya kushitakiwa kwa kutumia kitu cha wote. Anatumia dakika 40 na chuma cha moto cha kusokotea akijaribu kuyafanya mabaki yavutie. Anaomba dua ya kimoyomoyo, kwa kuwa ana mazoea ya kuombea mambo madogo ya kila siku, ili mumewe aendelee kumwona mzuri. Mlango unapofunguliwa, maneno yake ya kwanza ni utetezi.

Hapa ndipo hadithi inapogusa jambo zito kuliko inavyokiri. Della hana ujira. Hadithi haisemi kwamba amewahi kutafuta kazi au kukatazwa kufanya kazi. Inaichukulia hali hiyo kuwa ya kawaida kama ukuta. Mwanamume akishindwa na fedha ana urithi wa kuuza. Mwanamke ana mwili. Soko linalomngoja ni la haraka na lisilo na mapambo: mnunuzi anaiambia kofia ivuliwe, anazipima nywele kwa mkono wa mazoea, anataja bei. Huu ni ukurasa wenye ukatili katika hadithi inayodaiwa kuwa tamu, na O. Henry anaupita mbio kana kwamba aliona alichokiandika akaogopa kukaa nacho. Mhakiki hana sababu ya kukimbia naye.

Kinachomwokoa Della kutoka katika hali ya kuwa pambo lililopotea ni mwitiko wa Jim. Anasimama mlangoni na uso ambao mkewe anashindwa kuusoma, kwa sababu si wa hasira, wala wa mshangao, wala wa karaha. Kisha anasema kwamba hakuna mkato wa nywele unaoweza kumfanya ampende mkewe pungufu. Kwa kauli hiyo nywele zinarudishwa kwa mwenyewe. Zilikuwa mali ya nyumba hadi zilipouzwa. Baada ya kuuzwa zinakuwa tendo la Della.

Hata vile vitana vina lake la kusema. Vimetengenezwa kwa gamba la kasa na kingo zake zimetiwa vito. Msomaji wa pwani anamjua ng'amba, kwani gamba lake limekuwa bidhaa ya bandari za Afrika Mashariki tangu zama za Periplus, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Kitu kilichosafirishwa namna hiyo ili kupamba vichwa vya matajiri kimeingia katika fleti ya dola 8 usiku ambao hakina kazi. Kwa mara ya kwanza kimekuwa hakitumiki, na kwa mara ya kwanza kimekuwa cha Della.

Mamajusi au Suleiman?

Mwishoni msimulizi anaeleza jina la hadithi. Mamajusi, asema, walikuwa watu wenye hekima waliomletea zawadi mtoto aliyezaliwa horini, na Della na Jim, licha ya upumbavu wao, ndio wenye hekima kuliko watoaji wote. Kwa msomaji wa Kiswahili neno lenyewe lina tabaka mbili. Katika Biblia ya Kiswahili mamajusi ni wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Katika mapokeo ya Kiislamu majusi ni mwabudu moto. Mfasiri wa jina hili hana budi kuchagua, na chaguo lolote litamwacha msomaji mmoja nje ya mlango.

Lakini tatizo la jina si la tafsiri tu. Mfano wa Mamajusi haulingani na kisa. Zawadi yao ilikuwa ya upande mmoja: wao wanatoa, mtoto anapokea. Katika fleti hii kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea, usiku mmoja, na hilo ndilo linalozaa kinaya chote. Mfano unaolingana umo ndani ya hadithi yenyewe, mapema kabisa, mahali ambapo wengi huusoma kama utani. Msimulizi anasema kwamba kama Malkia wa Sheba angalikaa katika fleti ya ng'ambo ya uwazi wa kupitishia hewa, Della angalianika nywele zake dirishani ili kuzidharaulisha johari za malkia huyo. Na kama Mfalme Suleiman angalikuwa mtunza jengo mwenye hazina zake zimerundikwa chini, Jim angaliitoa saa yake kila apitapo ili amwone mfalme akivuta ndevu kwa wivu.

Sheba na Suleiman si majina ya utajiri tu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, malkia anamletea Suleiman talanta 120 za dhahabu, manukato na vito, na Suleiman naye anampa malkia kila alichotamani. Hiyo ni zawadi ya pande mbili baina ya mwanamke na mwanamume. Katika Kurani habari ina sura nyingine: malkia anatuma zawadi na Suleiman anaikataa, kwa kuwa alichopewa na Mungu ni bora kuliko hicho. Msomaji anayezijua habari zote mbili anaingia katika fleti akiwa na swali ambalo msimulizi hakulitamka: je, zawadi hii itapokewa? Ndilo swali analolitetemekea Della anapoketi kwenye pembe ya meza karibu na mlango, mkufu ukiwa mkononi.

O. Henry amewashusha wafalme hao, mmoja akawa mpangaji na mwingine mtunza jengo. Tena amewapanga katika jengo la aina inayotambulika. Uwazi mwembamba wa hewa uliogawanya nyumba za kupanga ndio uliolaumiwa kwa giza na hewa chafu, hadi sheria ya New York ya mwaka 1901 ikataka majengo mapya yawe na nyua pana zaidi. Ng'ambo ya shimo la namna hiyo ndipo malkia anapowekwa. Mzaha huu una makali ya kitabaka ambayo mfano wa Mamajusi unayafuta, kwani Mamajusi wanaipandisha hadithi mbinguni, ilhali Suleiman na Sheba wanaibakiza ndani ya jengo.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya miaka ya 1920 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi hufuatana na wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Anayetoa humfanya mpokeaji kuwa mdeni. Jambo la pekee katika fleti ya dola 8 ni kwamba zawadi mbili zinakutana njiani. Hakuna aliyetangulia, kwa hiyo hakuna mdeni. Katika nyumba ambamo mmoja analeta ujira na mwingine anauomba, huo ni usawa wa nadra, na umepatikana kwa bei kubwa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hadithi hii inaongeza kwamba kutoa kwa wote wawili kwa wakati mmoja huondoa pia mamlaka ya mtoaji.

Kulinganisha na Maupassant

O. Henry amelinganishwa mara nyingi na Guy de Maupassant kwa sababu ya vikomo vya kushtusha. Ulinganisho wa fleti mbili una manufaa zaidi kuliko ulinganisho wa vikomo. Katika "La Parure" ya 1884, Mathilde Loisel ni mke wa karani wa wizara jijini Paris. Naye anaishi katika makao yanayomchukiza, naye anataka pambo. Mumewe anamwachia faranga 400 alizokuwa amejiwekea za kununua bunduki, ili mke apate nguo ya karamu. Mathilde anaazima mkufu, anaupoteza, wanalipa faranga 36,000 kununua mwingine unaofanana nao, wanahamia chumba cha chini ya paa na kutumikia deni kwa miaka 10. Kisha inabainika kwamba mkufu wa kwanza ulikuwa bandia.

Tofauti ni ya msingi. Kwa Maupassant chumba kidogo ni adhabu, kwa O. Henry ni mahali pa kuanzia. Wana Loisel wanatoa kwa ajili ya macho ya watu wa karamuni. Della na Jim wanatoa ndani, pasipo shahidi. Hata hivyo Maupassant ni mkweli katika jambo ambalo O. Henry analikwepa. Anaonyesha miaka. Msomaji anaona mikono ya Mathilde ikichubuka kwa kuosha vyombo na sakafu. O. Henry anaizima taa usiku ule ule, na Januari haifiki. Kodi ya dola 8 itadaiwa juma lijalo, na sasa hakuna tena nywele wala saa ya kuuza. Hiyo ndiyo lawama kubwa inayoweza kutolewa dhidi ya hadithi hii, na mapenzi ya wahusika hayatoshi kuijibu.

Msimulizi na Nyama Jikoni

Jibu, kama lipo, limo katika tabia ya msimulizi na katika kauli ya mwisho ya Jim. Msimulizi wa hadithi hii ni mjuzi wa yote, mwenye kejeli, apendaye kusikika. Anawaita wawili hawa watoto wapumbavu, kisha anawaita wenye hekima, na hajishughulishi kuunganisha hukumu zake mbili. Lakini mara moja anaonyesha adabu. Jim anapozinduka na kumkumbatia mkewe, msimulizi anamtaka msomaji ageuze uso na kutazama kitu kisicho na maana upande mwingine kwa sekunde 10. Katika chumba kisicho na pazia wala chumba cha pili, faragha hupatikana kwa kugeuza macho tu. Msimulizi aliyeingia bila kubisha hodi anakumbuka, kwa sekunde 10, kwamba hapa ni kwa watu.

Akigeuka tena, mambo yanakwenda upesi. Vitana vinaonekana, mkufu unatolewa, Della anaiomba saa ili aone inavyopendeza. Jim haitoi. Anajilaza kwenye lile kochi lililochakaa, anaweka mikono chini ya kichwa, anatabasamu. Anasema zawadi ziwekwe kwanza, ni nzuri mno kutumiwa kwa sasa. Anaeleza kwamba saa ameiuza. Kisha anamwambia mkewe aiweke nyama jikoni.

Wengi huipita kauli hiyo wakikimbilia Mamajusi. Lakini kikaango kimekuwa juu ya jiko tangu saa 1, kikiwa moto, kikingoja. Msomaji alikwisha kukiona akakisahau, kama alivyoisahau kahawa. Kukirejelea ni kurejesha hesabu ya siku: nyama hiyo ilinunuliwa kwa kubishana bei, na ikiachwa itaharibika. Jim hatoi hotuba kuhusu upendo. Hamlaumu Della, hajilaumu, wala haombi shukrani. Anakirudisha chumba katika kazi yake. Ni kweli kwamba agizo la kupika linamwangukia mke, na mhakiki hana budi kuliona hilo. Usawa wa zawadi haujafika jikoni. Hata hivyo katika agizo hilo mna imani kwamba kesho ipo na kwamba italiwa pamoja. Januari ambayo O. Henry hakuiandika imo ndani ya kikaango.

Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tangu miaka ya 1970 umejihusisha sana, na kwa haki, na migogoro mikubwa: ukoloni, matabaka, uongozi uliosaliti uhuru. Maisha ya mume na mke katika chumba cha kupanga yameonekana kuwa mambo madogo, yafaayo magazeti ya mapenzi. Hadithi ya O. Henry inaonyesha kwamba mgawanyo huo si wa lazima. Tabaka limo katika kengele isiyolia. Uhusiano wa kijinsia umo katika tofauti ya kuuza saa na kuuza nywele. Swali la urithi na ukoo limo katika ukanda wa ngozi. Mwandishi alilipia uchangamfu wake kwa kuukwepa ukatili wa soko na kwa kutoitazama Januari, na kasoro hizo zitajwe wazi. Lakini alikiona chumba, akakihesabu hadi senti.

Mwalimu anayeifundisha hadithi hii angefanya vyema kuanza na kodi kabla ya kinaya, na kumwuliza mwanafunzi maswali mawili ambayo mtihani hauyaulizi: baada ya kodi ya juma lijalo, Della na Jim watabaki na shilingi ngapi kwa kipimo cha leo, na je, nani ataosha kikaango?